Fundi rewaya wa Mwanakwerekwe anaepima kwanza kabla hajakwambia ununue kitu

Kama una gari ya zamani hapa Unguja na inakusumbua kuwaka, kabla hujaenda kununua betri nyengine soma hii. Kuna fundi rewaya maeneo ya Mwanakwerekwe, ukishaliacha soko unaelekea njia ya Fuoni, anafanya kazi chini ya mwembe hana kibao wala bango, na mwenyewe kaniomba nisiweke jina wala namba yake kwa sababu kazi alizonazo zinamtosha, lakini ukiulizia mzee wa mita (mita ya kupimia umeme) mafundi wengine wa pale watakuonesha. Nnampa nyota tano. Bei zake ni nafuu kweli lakini si hilo, nampa kwa sababu anapima kitu kwanza ndo anakwambia kimekufa au kizima, na namba yenyewe anakuonesha uisome kwa macho yako.

Gari yangu Corolla 110 ya 1998, injini 5A ya petroli, nnaishi Bububu karibu na pwani na gari inalala nje. Tatizo lake lilikuwa asubuhi, mara ukizungusha ufunguo inapiga "tak" moja bas kimya, mara stata inazunguka kwa uzito kama haitaki, na asubuhi nyengine stata inazunguka vizuri kabisa lakini injini haishiki mpaka uikazanie. Ikishawaka inakuwa sawa mchana kutwa. Kuna gereji nilianzia (siitaji) wakasema betri, ikanunuliwa mpya laki na sitini, hazikupita siku nyingi yale yale. Nikarudi wakasema basi alternata, ile inayochaji betri, ikabadilishwa, yale yale, ikafika hadi wanataka kuteremsha tangi wabadilishe pampu ya mafuta, na muda wote huo sikuona mtu kashika mita. Hili linaniudhi mpaka leo, maana pesa ya betri na alternata kwa mtu wa mshahara wa kawaida si pesa ya kujaribia, na watu wengi wanafanyiwa hivi hivi wanaishia kuuza gari nzima kwa bei ya skrepa.

Sasa kwa huyu mzee. Nimefika hata boneti hajafungua kaanza kuuliza. Inasumbua asubuhi tu au hata ikiwa ya moto? Ukizungusha ufunguo taa za dashibodi zinafifia au zinabaki vile vile? Unasikia harufu ya petroli? Ile siku stata inazunguka vizuri lakini haishiki, ukiirudia mara ya pili inashika? Nikamjibu moja moja, akanambia, "Mwanangu hapa una magonjwa mawili, wewe unayaita jina moja." Na hapo ndo pakawa ufunguo wa kila kitu, maana stata isiyozunguka vizuri ni khabari ya umeme mkubwa, betri na waya zake na stata yenyewe, lakini stata inayozunguka vizuri na injini haishiki ni khabari ya mafuta au moto wa plagi. Ukiyachanganya ndo unabadilisha vitu hovyo.

Akaanza na la stata. Kaweka mita kwenye betri gari imezimwa, ikasoma volti 12.5, akasema hiyo iko vizuri, ikijaa kabisa ni kama 12.6 na ikiwa 12.0 jua iko karibu na tupu. Halafu kanambia nipige stata yeye anatizama, ikashuka mpaka 10.4 tu. Ingeshuka chini ya 9.6 hapo ndo ungeilaumu betri. Injini ikawaka, akapima tena, 14.1, ambayo ni alternata inachaji kama inavyotakiwa, kawaida ni kati ya 13.8 na 14.5. Kwa hiyo mambo mawili makubwa yashatoka kwenye orodha na hata spana haijaguswa. Alternata yangu ya zamani nilikuwa bado nnayo kwenye buti, akaitia kwenye gari akaipima, nzima kabisa inachaji 14. Nilinyamaza.

Halafu akafanya kitu sijapatapata kukiona. Ncha moja ya mita kaiweka juu ya kichwa cha risasi cha betri upande wa hasi, kichwa chenyewe si kile kibano, na ncha nyengine kwenye chuma cha injini, akasema piga stata. Mita ikasoma 1.8. Akanigeuzia nione. Kwa maelezo yake pale panatakiwa pasome karibu na sifuri, 0.2 au 0.3 basi, kwa sababu betri hasi na injini ni kitu kimoja vimeunganishwa kwa waya mmoja mnene, sasa volti karibu mbili zinapotelea njiani ndani ya waya ambao hakuna mtu anaeushuku. Ni kama bomba lenye kutu ndani, tangini maji yamejaa lakini mferejini yanachuruzika. Ukiwasha redio au taa hujui kitu maana zinataka umeme mdogo, stata inataka umeme mkubwa sana kwa sekunde chache na hapo ndo waya mbovu unaaibika.

Akaufungua ule waya mnene wa hasi, wanauita ethi, unaoshuka kwenye giaboksi. Kwa nje mpira wake mzima mweusi hauna kasoro, lakini pale kwenye jicho la kufungia bolti kulikuwa na unga wa kijani na mweupe, akauchuna mpira kidogo kwa kisu, nyuzi za kopa zimekuwa nyeusi na ukizikunja zinavunjika zinabaki mkononi. Akasema hii ni hewa ya chumvi, gari za Bububu, Mtoni, Nungwi na zote za ukanda wa pwani anaziona hivi kila mara, unyevu wa chumvi unaingia kwenye jicho la waya unapanda ndani kwa ndani chini ya mpira. Katengeneza waya mpya pale pale, mnene kuliko wa mwanzo, jicho kalibana na kulitia risasi, pale panapokaa kwenye bodi na kwenye giaboksi kapiga msasa mpaka chuma kikang'ara, akafunga akapaka girisi juu. Kupima tena 0.14. Stata ikapiga kwa sauti ambayo mie nilikuwa nshaisahau.

Hapa niseme kitu kwa wanaosoma mambo ya magari mitandaoni. Ushauri mwingi unaoukuta umeandikwa na watu wa nchi za baridi, wanakwambia asubuhi gari haiwaki kwa sababu ya baridi, nunua betri yenye CCA kubwa (nguvu ya kupiga stata kwenye baridi), weka oili nyepesi. Zanzibar hata kwenye kusi Julai ni nadra kuwa chini ya digrii 20, baridi si ugonjwa wetu. Kinachoua betri zetu ni joto, maji ndani yanakauka na plati zinaliwa haraka, na kinachoua waya ni chumvi. Kwa hiyo ukiwa hapa anza na waya na vichwa vya betri.

Ile "tak" ikabaki kidogo, mara moja moja. Mzee akasema hiyo sasa ni kopa za stata. Stata hizi za Denso zina vipande viwili vya kopa ndani ya solenoidi, ile swichi ya stata, kila ukipiga stata kile kisahani kinazigonga na cheche inaruka, baada ya miaka zinaliwa, na hasa moja inaliwa zaidi ya mwenziwe. Kazitoa kanipa nizishike. Moja bado ina unene wake, nyengine imechimbika katikati imebaki nyembamba pembeni ina ngazi, nyeusi kama mkaa, ndo maana mara inagusa mara haigusi. Kanibadilishia zote mbili na zile kongwe kanirudishia. Jumla kazi na kopa elfu 35, ilhali kuna mahali ungeambiwa stata imekufa nunua nzima.

Ugonjwa wa pili sasa, wa mafuta. Huu hakuumaliza siku ile kwa sababu gari ilikuwa ya moto, na hili nimelipenda, alikataa kubahatisha, akanambia ilaze hapa nitaipima alfajiri ikiwa haijaguswa. Nikaiacha. Asubuhi nikamkuta ashaanza. Kwanza kafungua kile kiboksi cheusi kilichoandikwa DIAGNOSIS ndani ya boneti, kaunganisha matundu ya TE1 na E1 kwa kipande cha waya, swichi ON, taa ya injini kwenye dashi ikawa inapepesa haraka haraka mfululizo bila ya kusita, maana yake kompyuta haina kosa iliyolihifadhi. Ingekuwa ni sensa ya joto la maji ingepepesa namba 22, mbili, ikasita, mbili. Hata hivyo akaipima sensa yenyewe kwa mita, ikasoma kama omu 1,900 injini ikiwa ya baridi, sawa. Mashine zile ndogo za kuchomeka chini ya usukani mara nyingi hizi Corolla za soko la Japani haziwezi kuzisoma, kwa hiyo mtu akikwambia lipa kwanza nikuwekee kwenye mashine muulize kama inaisoma gari yako.

Halafu kwenye kiboksi hicho hicho kaunganisha +B na FP, swichi ON, pampu ikaanza kuunguruma nyuma unaisikia ukiweka sikio kwenye mdomo wa tangi. Kaiacha kidogo, akatoa waya, akaniambia sasa washa. Ikashika hapo hapo, hata nusu mzunguko sidhani kama ilifika. Maelezo yake: pampu ina nguvu ya kutosha, lakini usiku mafuta yanarudi tangini, kwa hiyo asubuhi stata inabidi izunguke huku pampu inasukuma mpaka presha ijae tena. Kuna watu wanasema washa na uzime swichi mara kadhaa kabla hujapiga stata, kwa gari nyengine inasaidia lakini kwa hizi za Toyota za zamani pampu haifanyi kazi ukiwa ON tu, mpaka stata izunguke, kwa hiyo unajichosha bure. Kaangalia pia kimpira cha vakyum cha ile regyuleta ya presha ya mafuta kama kina petroli ndani, kikavu, katoa plagi hakuna iliyorowa, akasema basi regyuleta na nozeli zinazopuliza mafuta hazivuji, ni valvu ndogo ndani ya pampu inayozuia mafuta yasirudi ndo imechoka. (Ukitaka kulijaribu hili mwenyewe usikosee matundu, na pasiwe na sigara wala moto karibu, hii ni petroli.)

Kwa hiyo kumbe ile gereji ya mwanzo walipotaja pampu walikaribia, lakini wangeibadilisha ile stata ingebaki nzito vile vile na wangetafuta chengine cha kuniuzia.

Na hapa ndo nilipomheshimu zaidi. Nikamuuliza, "Mzee tubadilishe leo?" Akanambia, "Hii haikuachi njiani mwanangu, inakukawiza tu asubuhi. Ukiwa na pesa badilisha, ukiwa huna tembea nayo, ila usishike stata zaidi ya sekunde kumi, iache ipumue ndo urudie, usije ukaiunguza." Hakunilazimisha. Nilisubiri mshahara nikatafuta pampu ya Denso ya mtumba wa Japani, maana mpya za bei ya kutupa anasema valvu yake haina maisha, akaifunga, na sasa asubuhi nikigusa ufunguo tu inashika.

Mapungufu yapo na nitayasema. Hana risiti wala garantii ya maandishi. Spea hana, unatumwa wewe ukanunue na usiporudi na kitu sahihi anakurudisha, kwa aliye na haraka inachosha. Foleni yake ndefu na anafuata aliyetangulia hata uwe nani, kivuli ni cha mwembe tu, mvua ya masika ikija kazi inasimama. Simu anapokea akijisikia. Na gari mpya zenye mambo ya kodi za kompyuta na smati kii hazigusi, anakwambia wazi nenda kwa vijana.

Kupima peke yake anachukua elfu 15, hata kama hukutengeneza kwake. Kuna watu nimewasikia pale wanalalamika wanalipia nini wakati hajafunga kitu. Mie nailipa kwa moyo mkunjufu, kwa ile namba ya 1.8 aliyonigeuzia mita nikaisoma.

Ukienda nenda mapema, saa moja saa moja na nusu hivi, na tatizo lako likiwa la asubuhi mwambie unataka kuilaza pale, usimpelekee gari ya moto. Ijumaa baada ya saa tano humkuti. Kama ushabadilishiwa vitu kwengine chukua na vile vikongwe vyako, atavipima na vyenyewe.