Marumaru si marumaru: dawa ipi ya usafi inafaa sakafu, jiko na choo chako

Povu lilinidanganya. Nilikuwa nimepanga kwenye ghorofa la zamani Upanga, Dar es Salaam, sakafu ya terazo, ile yenye vipande vya mawe vilivyosuguliwa mpaka vikang'aa. Karibu na mlango wa jikoni palikuwa na doa la kutu lililoachwa na mtungi wa gesi. Nikachukua dawa ya choo, nikamimina, ikachemka povu jeupe. Nikajisemea, naam, uchafu huo unatoka. Kumbe kilichokuwa kinatoka ni sakafu. Nilipofuta, kutu ilikuwa imefifia kweli, lakini pamebaki duara la ukubwa wa sahani, limepauka, ukilipapasa linakwaruza kama msasa. Fundi wa kusaga terazo alilipwa kwa fedha yangu, si ya mwenye nyumba.

Tangu hapo sinunui dawa ya usafi kwa harufu. Najiuliza maswali mawili tu: uchafu wenyewe ni wa aina gani, na chini yake kuna nini? Mafuta ya kupikia, ukoko wa chumvi ya maji ya kisima na ukungu wa bafuni ni maadui watatu tofauti, na silaha ya mmoja haimgusi mwingine. Lavenda na waridi havimgusi yeyote kati yao.

Jua kwanza unakanyaga nini

Kiswahili chetu cha siku hizi kimetuponza hapa. Marumaru kwa asili ni jiwe. Lakini fundi wa Dar akikwambia "tumeshapiga marumaru", mara nyingi anazungumzia vigae vya boksi, udongo uliochomwa tanuruni na kupakwa uso mgumu unaofanana na kioo. Kigae cha namna hiyo hakijali siki wala limau. Marumaru ya jiwe ni habari nyingine: ni kalsiamu kaboneti, kitu kilekile kilichomo kwenye ganda la yai, na tindikali yoyote huila. Hata maji ya ndimu yaliyodondoka ulipokuwa ukitengeneza kachumbari yataacha alama ukiyaacha yakae. Terazo ni vipande vya mawe, aghalabu marumaru ya kweli, vilivyoshikwa na saruji, na saruji nayo haipatani na tindikali. Kuta za chokaa za nyumba za kale za Mji Mkongwe au Lamu ziko kundi hilohilo. Granaiti hustahimili zaidi, ingawa nayo nisingeizoesha siki.

Hujui una kipi? Dondoshea tone la siki mahali pasipoonekana, nyuma ya mlango au chini ya kabati. Likitoa vipovu, au likiacha baka baada ya dakika chache, basi usiingize tindikali kwenye chumba hicho. Na hata mwenye vigae asishangilie sana: ile grauti ya kwenye maungio ni saruji. Ukiisugua kwa dawa ya choo kila Jumamosi, ndani ya mwaka mistari itakuwa imebonyea na maji machafu yanakaa humo.

Sasa niorodheshe, kwa mpangilio ninaotumia mimi kutoa fedha mfukoni.

Namba moja: sabuni ya maji ya galoni

Kama ningeruhusiwa kununua kitu kimoja tu, kingekuwa hiki. Sabuni ya maji isiyo kali inafaa karibu kila mahali: vigae, terazo, marumaru ya jiwe, sinki, meza ya jikoni, milango, hata fremu za madirisha. Sehemu kubwa ya uchafu wa nyumbani ni mafuta na vumbi vilivyoshikana, na kazi ya sabuni ni kuviachanisha.

Galoni ya lita tano inayotengenezwa mtaani mara nyingi ndiyo yenye thamani kuliko chupa ndogo ya dukani. Watengenezaji wengi wamejifunza SIDO, shirika la viwanda vidogo, au kwenye semina za vikundi, na malighafi zao zinafahamika: salfoniki na ungaroli (ndivyo visafishaji vyenyewe), soda, rangi, manukato, chumvi. Hapo kwenye chumvi ndipo mteja anapopigwa. Sote tunaitikisa galoni, tukiona inakwenda pole kama asali tunasema "hii nzito, hii kali." Lakini uzito huo huletwa na chumvi. Mtu anaweza kutia maji mengi, akaongeza chumvi kidogo, sabuni ikavimba vizuri kabisa huku kisafishaji ndani yake ni haba. Uzito haukwambii lolote kuhusu nguvu.

Mimi naomba ya kuonja kwenye kichupa. Kijiko kimoja nakitia kwenye lita moja ya maji, naosha sahani iliyopakwa mafuta, naisuuza, napitisha kidole. Kidole kikilia kwenye sahani, nanunua. Kama kiganja kinateleza hata baada ya kusuuza mara mbili na ngozi inawasha, soda imezidi. Hiyo itakuchubua mikono na kufifisha vanishi. Iliyojitenga matabaka mawili ndani ya galoni, mrudishie mwenyewe. Mtengenezaji akiwa na alama ya ubora ya TBS, shirika la viwango, au KEBS kwa wenzetu wa Kenya, hilo nalipa uzito kuliko rangi ya kijani inayowaka.

Na sabuni ya mche? Naipenda, tena ni rahisi, ila inategemea maji yako. Kwenye maji ya kisima yenye chumvichumvi, kama tunayoyapata sehemu nyingi za Dar, sabuni ya mche hushikana na kalsiamu iliyomo majini, povu linakataa kutoka, na kinachobaki sakafuni ni utando mweupe unaonata. Wenye maji laini, kama ya mvua, watumie bila wasiwasi.

Namba mbili: jiki, ile isiyo na manukato

Jiki ni jina la biashara, lakini kwetu limeshakuwa jina la kitu chenyewe: maji ya klorini. Kazi yake ni kuua vijidudu na ukungu, na kuondoa rangi ya madoa. Haisafishi mafuta. Ukiimwaga juu ya uchafu inamalizia nguvu zake kwenye uchafu huo, kwa hiyo deki kwanza kwa sabuni, suuza, ndipo uje na jiki.

Soma asilimia kwenye chupa. Nyingi huandikwa kati ya 3.5 na 5. Ya 3.5, vijiko viwili vya chakula kwenye lita moja ya maji hukupa takriban asilimia 0.1, ambayo inatosha kwa sakafu ya choo, vitasa na ubao wa plastiki wa kukatia nyama. Acha ikae kama dakika kumi, halafu suuza. Kumimina nusu chupa kwenye ndoo ni kupoteza fedha na mapafu.

Ninunue chupa ipi? Ndogo, isiyopitisha mwanga, yenye tarehe ya karibuni. Klorini hufa kwa joto na jua; ile dumu ya lita tano iliyopangwa juani nje ya duka kwa wiki kadhaa inaweza kuwa imepoteza sehemu kubwa ya nguvu zake. Uliyokwisha kuichanganya na maji, itumie siku hiyohiyo.

Usiipeleke kwenye alumini, itaifanya nyeusi. Sinki la stenlesi likiachiwa jiki usiku kucha hutoboka vitundu vidogo kama nukta. Kwenye mbao na kapeti, wala usijaribu.

Na hili nalisema kwa sauti: jiki na dawa ya choo zisikutane. Wala jiki na siki, wala jiki na limau. Tindikali ikigusa klorini inatoa gesi yenye sumu, na bafu zetu nyingi zina kidirisha kimoja cha ukubwa wa daftari. Watu huchanganya kwa nia njema kabisa, wakidhani mbili kali zikiungana choo kitang'aa maradufu. Ukisikia koo linakwaruza na macho yanachoma, toka nje papo hapo, acha mlango wazi. Ndoo utairudia baadaye.

Namba tatu: siki nyeupe, au limau ukiwa nalo

Hii ndiyo tindikali ya kirafiki. Ule ukoko mweupe kwenye bomba, kwenye kichwa cha shawa na ndani ya birika la umeme ni chumvi za maji, na sabuni haiuwezi hata usugue mpaka Magharibi. Lowesha kitambaa kwa siki, kizungushie bomba nusu saa, futa. Birika: siki nusu, maji nusu, chemsha, acha ipoe, mwaga, suuza mara mbili. Sufuria ya alumini iliyokuwa nyeusi kwa ndani hung'aa ukichemshia maganda ya limau, na huo ni ujuzi wa bibi zetu ambao hauhitaji duka.

Siki haina kazi kwenye mawe niliyoyataja. Pia sioni faida ya ule mchanganyiko unaosifiwa sana mtandaoni wa siki na bekingi soda. Povu linapendeza (mimi na povu tuna historia), lakini kimoja ni tindikali na kingine ni kinyume chake. Vinauana, unabaki na maji yenye chumvi kidogo. Tumia bekingi soda peke yake, imelowekwa kuwa uji mzito, kusugulia ndani ya oveni au vikombe vyenye rangi ya chai.

Namba nne: dawa ya choo

Nunua, lakini kwa bakuli la choo pekee. Nyingi zina tindikali ya haidrokloriki, ndiyo maana zinaondoa ule ukoko wa manjano ambao fagio la chooni limeshindwa. Chagua yenye shingo iliyopinda ifike chini ya ukingo, yenye kifuniko kigumu kwa mtoto kufungua, na lebo inayosema kilichomo. Ukikuta mtu anauza "asidi" kwenye chupa ya maji ya kunywa isiyo na maandishi, pita. Hujui ukali wake, na siku moja mtoto mwenye kiu ataiona.

Choo cha kuchuchumaa kilichojengwa kwa saruji tupu kisitiwe dawa hii. Sabuni, brashi ngumu, suuza, kisha jiki iliyochanganywa maji.

Namba tano: unga wa kusugulia

Kopo moja hukaa miezi. Ni kwa sinki la udongo, vigae vilivyoshika mafuta, na sehemu ya nje ya sufuria. Ndani yake mna chembe ngumu, kwa hiyo kioo, jiko la gesi la kioo, beseni la plastiki na mlango wa friji vitapata michirizi isiyofutika. Stiliwaya nayo ni hivyohivyo. Kwa sinki la stenlesi tumia dodoki au sponji laini, ukifuata mistari ya chuma.

Ambavyo singenunua

Dawa ya vioo: spiriti kidogo kwenye maji na gazeti la jana vinatosha. Sabuni ya unga kwa kudekia: ni nzuri kwa nguo, ila sakafuni hudai kusuuzwa mara tatu, na usiposuuza inabaki utelezi, wazee ndani ya nyumba hawastahili hatari hiyo. Ile dawa ya kuua vijidudu inayogeuka maziwa ukiitia majini ni ghali mno kwa sakafu, na ni sumu kwa paka, ambaye hukanyaga kisha akajilamba miguu.

Mbao ziko upande wake. Kabati la mninga lililopigwa vanishi linataka kitambaa chenye unyevu kidogo, kisha kikavu, basi. Polishi mara mbili kwa mwaka ukipenda. Runinga ni kitambaa laini kikavu, bila dawa yoyote. Sakafu ya saruji iliyopakwa nta nyekundu hudekiwa kwa maji na sabuni kidogo sana, na jiki itaipausha.

Unaanza maisha na fedha ni ya kubana? Mwezi wa kwanza nunua galoni ya sabuni na chupa ndogo ya jiki. Mwezi wa pili, siki na dawa ya choo. Unga wa kusugulia utakuja wenyewe siku sufuria ya wali itakapoungua. Kwangu dawa ya choo inakaa chooni na jiki inakaa kabati la jikoni, makusudi, na dada anayenisaidia kazi nilimwonyesha chupa zote mbili siku ya kwanza, kabla sijamwonyesha hata ndoo ilipo.