Roboti Inayogeuka Ndege: Kabla ya Kulipa, Uliza Habari za Kiuno

Mwezi uliopita nilimtumia muuzaji mmoja wa Nairobi pesa kwa M-Pesa, na mzigo ukafika Nakuru kwa matatu siku hiyo hiyo. Ilikuwa Zeta Gundam, modeli ya plastiki ya kuunganisha ya roboti wa katuni ya Kijapani anayegeuka ndege, ya kipimo cha 1/100 (ndogo mara mia kuliko roboti wa kwenye katuni), ile MG (daraja la Master Grade) ya mwaka 1996 niliyoitafuta kwa muda mrefu, ikiwa imeshaunganishwa. Katika picha alizonitumia ilisimama wima kama askari. Nilipoigeuza ndege, miguu ikaning'inia. Nikairudisha kuwa roboti, kiuno kikashindwa kubeba kifua. Nilikasirika mpaka usingizi ukaniruka.

Kwa hiyo sitazungumzia rangi, stika wala silaha. Nitazungumzia kulegea. Roboti ya aina hii hujikunja kiunoni kila inapogeuka, na ikisimama, mabawa na mzigo wote wa mgongoni huivuta nyuma. Pale ambapo plastiki ngumu ya ABS inasuguana na ABS nyingine, inalika kidogo kidogo kila ukigeuza. Ndiyo maana ukinunua iliyotumika, swali la kwanza liwe: imegeuzwa mara ngapi? Kisha omba video fupi, muuzaji aishike miguu na kuinamisha kifua polepole. Kikianguka chenyewe, achana nayo. Na ukipaka wino wa mistari, ule wa kukoleza mifereji ya vipande, uweke mbali na viungo, kwa sababu thina iliyomo kwenye wino ikipenya kwenye ABS iliyobanwa, inapasuka.

Mimi ni mtu wa Bandai, kampuni ya Kijapani inayotengeneza modeli hizi, na sifichi. Ya kwanza kwangu ni MG Zeta 2.0 ya mwaka 2005. Nimeigeuza yangu mara nyingi, na bado inasimama kwa mguu mmoja bila stendi. Kama una pesa ya kununua moja tu, nunua hiyo.

Ya pili ni HG (High Grade, daraja rahisi zaidi) ya mwaka 2017, ya 1/144. Wengi huidharau kwa kuwa haijikunji yenyewe. Unabandua sehemu na kuweka nyingine ili ipate umbo la ndege. Kwangu hiyo ndiyo nguvu yake, maana kiuno hakiteswi. Mpwa wangu wa darasa la saba ameiunganisha bila msaada.

RG (Real Grade, ndogo lakini yenye vipande vingi) ya mwaka 2012 inanitia uchungu. Ni nzuri kupindukia, inageuka yote katika urefu wa sentimita 14 hivi, na fremu yake inatoka kiwandani ikiwa na viungo vinavyokunjika tayari. Lakini yangu ililegea mapema. Nilipaka gundi ya supa kwenye kiungo, tabaka jembamba, nikaiacha ikauke kabisa kabla ya kurudisha, ikasaidia kiasi. Inunue kama utaigeuza mara moja na kuiweka kabatini.

MG ya 1996 chukua tu kama kasha halijafunguliwa. Nakala za bei rahisi zisizo za Bandai nimejaribu moja. Vipande havikubanana, sikurudi tena.

Kinachoniudhi zaidi ni wauzaji wasioandika bei. "Njoo inboksi." Unaenda, unatajiwa bei moja, ukisema uko Nakuru, inapanda, na nauli ya mzigo bado unalipa wewe. Wiki hii nilimwomba mmoja video ya kiuno cha Zeta anayoiuza. Alisoma ujumbe, hakujibu, na jioni tangazo likawa bado lipo na picha zile zile, imesimama wima.