Harambe ya Animal Kingdom, Florida: maoni yangu kama fundi wa lipu

Nyota tano kwa Harambe, na mimi nyota sitoi ovyo manake kazi yangu ni lipu na rangi, nilishika mwiko Mombasa nikiwa kijana na sasa nafanya kazi hiyohiyo huku Marekani, kwa hivyo nikiingia mahali macho yanaenda ukutani kabla hayajaenda kwa watu. Wengi wakiandika kuhusu Animal Kingdom wanaongelea foleni na bei ya chakula na kama simba alikuwa macho au kalala, hayo yameandikwa sana, mimi nitaandika walivyojenga na wanavyokuficha usione kile ambacho hawataki ukione, manake pesa ya tiketi yako nyingi iko hapo.

Kwa asiyejua, Animal Kingdom ni paki ya burudani ya Disney karibu na Orlando, ilifunguliwa tarehe 22 Aprili 1998, na ndani yake kuna upande unaitwa Africa, na huo upande wameujenga kama mji mdogo wa pwani ya Afrika Mashariki wakauita Harambe. Mji wa kubuni, kwenye ramani haupo, lakini waliobuni, kundi lililoongozwa na Joe Rohde, walikuja Afrika kweli wakatembea na mji uliowaingia zaidi ni Lamu. Ukiwa mtu wa pwani hungoji kuambiwa. Kuta nene zilizopauka, mabati yenye kutu, nyaya zimepita juu juu, matangazo yamepakwa kwa mkono ukutani, Hoteli Burudika, Mombasa Marketplace, na kuna mawe yamechongwa Uhuru 1961, yaani mji wenyewe wameupa mpaka mwaka wa uhuru, mwaka uleule wa Tanganyika, sisi Kenya tukafuata 1963.

Sasa ukuta. Nyumba za zamani za Lamu ni mawe ya matumbawe na boriti za mikoko, juu lipu ya chokaa, na lipu ya chokaa haizeeki kama ya simenti. Ya simenti inapiga ufa halafu linadondoka pande zima, ya chokaa inalika polepole, inatoka rangi kwanza, halafu ile lipu laini ya juu, halafu ile ya chini yenye mchanga mwingi, mwisho jiwe linachungulia. Pale Harambe wameigiza hali hiyo kwa simenti! Kazi za namna hii ndani ni chuma na wavu, juu simenti inayochongwa ikiwa bado mbichi, halafu rangi safu juu ya safu, nyepesi juu ya nzito, mpaka simenti isahau kuwa simenti. Na kilichonikamata ni mahali walipochagua kuchubua. Wamechubua panapochubuka kweli: chini ya dirisha maji ya mvua yanapoteremkia, kwenye kona mkokoteni unapogonga, usawa wa bega watu wanapoegemea, na chini karibu na ardhi unyevu unapopandia. Fundi asiyejua hutawanya madoa sawasawa kila mahali, ukuta unaonekana una upele. Hawa walijiuliza kwanza mvua inatoka wapi na watu wanapita wapi ndo wakaanza kuharibu.

Nilikwenda na shangazi yangu ambaye amezaliwa na kukulia Lamu, mtu wa maneno machache. Akapitisha mkono ukutani akaniuliza, "Mwanangu, huu umeliwa na chumvi?" Nikamwambia, "La shangazi, bahari iko mbali na hapa, na hata jiwe hamna humu ndani, ni simenti tupu." Akaugusa tena, akasema, "Basi aliyeufanya kakaa barazani kwetu." Kwangu mimi hiyo ni tathmini kubwa kuliko zote mtakazosoma, manake shangazi hasifu kitu hivihivi.

Alichokitilia shaka ni mapaa, na nakubaliana naye. Pwani tunaezeka makuti. Pale kuna mapaa ya nyasi nene zilizokatwa vizuri, na kazi yenyewe ni safi mno, ilifanywa na mafundi Wazulu walioletwa kutoka Afrika Kusini, lakini hiyo ni kazi ya kwao kusini siyo ya Lamu, kwa hivyo jicho la mtu wa pwani linapanda kwenye paa na kusita kidogo. Wageni wengi hawatajua. Mimi nasema kwa sababu kama umefanya ukuta kwa ukweli kiasi hicho basi paa nalo linadai ukweli uleule. Harufu ya bahari pia haipo, na punda sikumwona, na Lamu bila punda, jamani.

Tukienda chini kwenye ardhi, watu hawaangalii chini kabisa na hapo ndo nilipoinama sana. Njia zinafanana na udongo uliokauka baada ya matope, lakini ni zege. Barabara ya Kilimanjaro Safaris, ile ya malori ya wazi yanayokupeleka kuona wanyama, walichanganya zege rangi ya udongo wa pale, halafu likiwa bado bichi wakapitisha magurudumu ili michirizi ya tairi ibaki, wakarusha mawe, majani na vijiti. Lori linayumba kama barabara ya Tsavo baada ya mvua na wewe unadhani dereva ndiye mkali. Fikiria kwa nini wasiache udongo wenyewe. Malori yanapita siku nzima mwaka mzima na Florida mvua ya kiangazi ni karibu kila alasiri, udongo halisi ungekuwa shimo tupu kwa wiki, basi ili ardhi ionekane mbovu daima ilibidi iwe imara daima.

Na huko huko safari ndo utaona elimu ya kuficha ilipofika. Simba na swala wanaonekana wako uwanda mmoja, uzio hakuna, kumbe katikati kuna handaki refu ambalo kutoka kwenye lori hulioni kwa sababu ukingo wa upande wako umeinuliwa kidogo na kupandwa nyasi, jicho linaruka moja kwa moja kutoka nyasi za huku mpaka nyasi za kule. Miti mingi ambayo ungeapa ni migunga ni mialoni ya hukohuko Florida, wameikata vichwa vikawa bapa. Kuna mibuyu ya zege. Mimi nimekaa chini ya mibuyu ya kweli maisha yangu yote na kutoka kwenye lori linalotembea sikuweza kutofautisha, ningekuwa nimeshuka kwa miguu ningejua, lakini hawakushushi, na hapo nao wamefikiria.

Hilo la kutokushushwa lina maana kubwa kwenye kazi hii. Kila mahali unapomruhusu mgeni asimame, na kila kimo unachompandisha, umempa dirisha jipya la kuona nyuma ya pazia. Kuna bustani moja ya michezo niliyowahi kupeleka watoto, jina siliweki, walijenga ngome nzuri sana kwa mbele, wamechora matofali, wameweka na bendera. Halafu wakaweka mtelezo wa maji mrefu kuliko ngome yenyewe. Mtoto akifika juu anaona mgongo wa ngome, mbao tupu, tangi la maji, jenereta, na nguo za wafanyakazi zimeanikwa. Mwanangu alikaa kimya kule juu, alipoteremka hakutaka tena kucheza mfalme. Iliniuma kweli manake fundi aliyechora yale matofali alikuwa na mkono mzuri, kazi yake iliuawa na mtu aliyeamua urefu wa mtelezo bila kupanda kuangalia.

Hawa Disney hilo walilijua zamani. Ile Disneyland ya kwanza kule Anaheim, 1955, waliizungushia tuta la udongo, reli juu yake, ili ukiwa ndani usione mji na mji usikuone. Florida, paki yao ya Magic Kingdom ya 1971, chini ya miguu ya wageni kuna njia za wafanyakazi, kwa hivyo mtu aliyevaa nguo za zamani hapiti katikati ya mji wa kesho. Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa Epcot, paki yao nyingine hukohuko Florida, kuna sehemu ya Morocco iliyojengwa 1984, na baadaye, 1994, kwenye paki nyingine ya jirani wakajenga jumba refu la kutisha la Tower of Terror, na kilele chake kinaonekana kutoka ng'ambo ya ziwa la Epcot nyuma ya hiyo Morocco. Kulificha haiwezekani. Basi wakalipatia rangi na umbo la paa linaloendana na minara ya Morocco, ukiangalia kutoka Epcot unadhani ni jengo lao moja. Ulishaona fundi anapaka nyumba rangi kwa ajili ya jirani? Na pale Animal Kingdom mlima wao wa kujengwa wa Everest una futi 199 na nusu, karibu mita 61, manake Marekani jengo likivuka futi 200 linaingia kwenye mambo ya taa nyekundu za ndege, na mlima wa theluji wenye taa nyekundu kichwani ni mlima wa nani.

Vile visivyofichika, milango ya stoo, uzio, masanduku ya umeme, kuna kijani fulani wanatumia kwenye paki zao, kijani kilichochanganywa na kijivu, jicho linateleza juu yake bila kushika. Nilijaribu kuvitafuta makusudi. Ukivitafuta unaviona, ukitembea tu na familia huvioni kabisa, na mimi kama mchanganyaji rangi nasema kupata kijani kisichoitwa na jicho ni kazi ngumu kuliko kupata kijani kinachovutia.

Sasa ambalo watu hawalifikirii kabisa ni utunzaji. Nyumba mpya ikichafuka unapaka rangi basi. Hii unaitunzaje? Jua la Florida linakula rangi, unyevu unaleta kuvu, na kuvu ya kweli haiheshimu mchoro wako, inaota inapotaka, doa la kweli linaweza kukaa juu ya doa la kuchora na yote mawili yakaonekana ya uongo. Kwa hivyo mtu lazima aje, usiku wageni wakiwa wameondoka, asafishe uchafu halisi na kuurudishia uchafu wa kuchora, kutu ya rangi ibaki na kutu ya chuma isafishwe, ufa wa mapambo ubaki na ufa wa hatari uzibwe. Huyo mtu lazima ajue tofauti kwa tochi. Mimi ningempa heshima zaidi ya aliyejenga, manake aliyejenga alikuwa na michoro na muda, huyu ana masaa machache. Soko la Harambe lenyewe liliongezwa 2015, miaka 17 baada ya paki kufunguliwa, na nilisimama pale yanapokutana ya 1998 na ya 2015 nikitafuta mpaka kama mwendawazimu wa kazi, sikuuona. Yeyote aliyewahi kuunganisha lipu mpya na ya zamani anajua nasema nini, kwenye ukuta mmoja wa sebule tu inatushinda.

Miti nayo imesaidia, iliyopandwa 1998 sasa imekuwa mikubwa na kufunga mianya, ingawa na yenyewe inataka mkasi kila wakati, tawi moja likikatwa vibaya unaona paa la ghala.

Kwa mnaokwenda: nendeni safari mapema asubuhi wanyama wakiwa wanatembea, halafu rudini Harambe mchana mkae, msipite tu kuelekea kwingine kama wengi wanavyofanya. Mkibahatika mvua ikinyesha alasiri msikimbilie ndani, simameni chini ya kibaraza muangalie maji yanavyoshuka ukutani, yanafuata madoa yaleyale yaliyochorwa. Watoto waambieni watafute ufa wa kweli, wangu walitafuta mpaka tukachelewa gari moshi. Na vaeni viatu vya soli nene, ile ardhi ya zege lililoparuzwa ukitembea juu yake siku nzima utaisikia kwenye magoti.