Fedha za kuokoa hati za kale: London au Amsterdam?

Msikiti au maktaba ndogo yenye hati za mkono ina milango miwili ya kubisha, na haifanani.

Wa kwanza ni mpango wa Maktaba ya Uingereza wa nyaraka zilizo hatarini, ulioanza 2004 kwa fedha za mfuko wa Arcadia. Unagharimia kupiga picha kila ukurasa. Hati zenyewe hazitoki nchini, na nakala huwekwa mtandaoni bure. Hati za Msikiti wa Riyadha, Lamu, zilipigwa picha kwa njia hii, na leo mwanafunzi aliye Muscat anaweza kuzisoma bila kupanda ndege. Kwa hilo pekee naupenda. Ila picha haizuii mchwa: karatasi bado inataka kabati kavu, na unyevu wa pwani hauna huruma.

Wa pili ulianzishwa na Mfuko wa Prince Claus wa Uholanzi mwaka 2003, baada ya makumbusho ya Baghdad kuporwa. Huo ni huduma ya kwanza: paa limeng'oka, mafuriko yameingia, fedha za kukausha na kuhamisha zinahitajika upesi.

Kama paa lenu ni zima, anzeni London.