Pasti ya Cornwall, hapa hapa Area D

Jumamosi nimetoka soko la Majengo na mfuko wa zabibu, jua linachoma, nikaingia mgahawa mdogo wa Area D, hapa Dodoma, wenye ubao mlangoni: "Pasti ya Cornwall, 5,000". Nikadhani ni sambusa tu iliyonenepa. Dada wa kaunta akacheka: "Hapana baba, sambusa inakaangwa, hii inaokwa."

Kweli. Imekunjwa nusu duara, ukingo umesukwa ubavuni kama ukili. Ndani kuna nyama ya ng'ombe ya vipande, si ya kusaga, viazi, vitunguu na pilipili manga. Vyote huingia vibichi na kuivia humo humo, ndiyo maana mchuzi wake haupotei. Huko Cornwall, kusini-magharibi kabisa mwa Uingereza, wachimbaji wa bati walikuwa wakiibeba kwenda nayo mgodini. Tangu 2011 jina lake linalindwa kisheria, kwa hiyo hii ya Dodoma tuiite binamu.

Ila wameweka karoti! Wenyewe karoti hawaitaki kabisa. Tena yangu ilikuwa ya baridi katikati, ikarudi jikoni dakika ishirini.

Nikasubiri na skoni, kimkate kidogo cha kuoka kinacholiwa na jamu na malai. Cornwall jamu hutangulia, malai juu. Majirani zao wa Devon hugeuza, na ubishi wao ni kama wa Simba na Yanga. Jamu ya hapa ni ya zabibu zetu, nilitafuna mbegu mbili, tamu ajabu. Nilipaka jamu kwanza.

Chai ni ya maziwa ya unga. Nitarudi, ila chai nitakunywa nyumbani.