HMS Belfast, London: mizinga ipo, lakini wewe anzia jikoni

Kazi yangu ni kupikia watu wengi kwa wakati mmoja, kwa hiyo nikiingia kwenye makumbusho yoyote ya vita huwa nauliza: hawa walikula nini, nani alipika, na vyombo alivisafisha nani? Mara nyingi sipati jibu. Napata nishani, bendera na ramani zenye mishale. HMS Belfast jibu inalo, tena kwa kirefu.

Meli imefungwa katika mto Thames, kati ya London Bridge na Tower Bridge, upande wa kusini. Ni manowari ya aina ya kruza, imeundwa kwenye mji wenyewe wa Belfast, Ireland ya Kaskazini, ikashushwa majini Machi 1938 na kuanza kazi Agosti 1939, vita ya pili ya dunia ikiwa mlangoni. Novemba mwaka huohuo ililipukiwa na bomu la sumaku lililotegwa baharini, ikakaa kwenye matengenezo karibu miaka mitatu. Oktoba 1971 ikafunguliwa kwa umma. Siku hizi iko chini ya Imperial War Museum, ila usije ukidhani ni bure kama jengo lao la Lambeth. Hapa kuna kiingilio.

Ukishapanda utaona kila mtu anakimbilia mizinga. Ipo mikubwa 12, imepangwa mitatu mitatu, na ile ya mbele imelengwa kwenye kituo cha mapumziko cha London Gateway kando ya barabara kuu ya M1, kilomita kama 20 kutoka hapo. Nimecheka sana nilipojua. Watu wanakula chipsi zao kule, hawana habari kuwa wamelengwa. Piga picha yako, halafu shuka chini.

Chini ndiko kwenye maisha. Wakati wa vita meli hii ilibeba hadi watu 950, na jiko lao utalipita kwa hatua chache tu. Nilisimama pale mpaka watu wa nyuma yangu wakaanza kukohoa. Kwa macho ya mpishi, kinachotisha hapo ni sakafu. Sufuria la supu kwenye sakafu iliyotulia ni kazi. Kwenye sakafu inayolala kushoto na kulia usiku kucha, sijui ningefanyaje, na hao walikuwa na mkate wa kuoka juu ya hayo yote. Kuna sanamu za wapishi, kuna viazi, na kuna ile hali ya kubanana ambayo mtu wa jikoni ataitambua mara moja: ukigeuka na chombo cha moto, lazima upige kelele kwanza.

Kabla hujaenda mbali, fahamu kwamba meli hii inaonyesha enzi zaidi ya moja. Kati ya 1956 na 1959 ilifumuliwa ikapangwa upya, ndipo mabaharia wakapata vitanda vya chuma na ukumbi wa kulia chakula. Wale wa vita ya pili hawakuwa na raha hiyo. Kila meza ilitoa watu wake wa zamu waende jikoni, wapokee chakula, wakishushe kwa ngazi hadi chumbani kwao, wakigawe, kisha waoshe vyombo. Ziangalie ngazi hizo, zinakaribia kusimama wima. Sasa fikiria uji wa moto na bahari imechafuka.

Chumba chenyewe kimetengenezwa upya kwa mbele, kama kilivyokuwa meli ilipolinda misafara ya shehena kwenda Urusi kupitia bahari ya Aktiki. Ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote. Machela za turubai zimening'inia juu ya meza za kulia, zimesongamana hata bega la huyu linamgusa yule. Hapo walikula, wakalala, wakaandika barua, wakacheza karata. Aliyetoka zamu usiku alipita akiwa ameinama chini ya migongo ya wenzake. Zamu zilikuwa za saa nne nne, isipokuwa ile ya kuanzia saa kumi jioni hadi saa mbili usiku, iliyokatwa vipande viwili makusudi ili kikundi kilekile kisibebe zamu mbaya kila siku. Ningependa kumjua aliyebuni hilo, nimewapangia watu zamu miaka mingi na bado nagombana nao. Huko juu sitahani, barafu ilikuwa haina budi kuvunjwa kwa zana mkononi, maana ikijaa uzito wake unaweza kuipindua meli. Kinywaji cha zamu kilikuwa kakao nzito: bonge gumu la chokoleti linakwanguliwa, linatiwa maji ya moto, linakorogwa mpaka linakuwa kama uji.

Kuhusu ramu sitasema mengi. Ilitolewa kila siku kwa waliotimiza miaka 20, utaratibu ambao jeshi lao la majini liliufuta Julai 1970. Wageni wengi husimama panapoonyeshwa ramu kuliko kwenye chumba cha upasuaji, nami sishangai.

Kitu kimoja nilikuwa sikijui. Kwenye manowari za Uingereza, vita vikianza, wapishi na wahudumu nao walikuwa na vituo vyao: kupandisha risasi, kusaidia majeruhi. Nenda ukaone ghala la risasi za mizinga. Kila moja ina uzito wa kilo 50 na ushee, na walioko huko chini hawakuona chochote cha vita ila mashine ya kupandishia na mgongo wa mwenzao. Tarehe 26 Desemba 1943, Belfast ilikuwa miongoni mwa meli zilizoizamisha manowari Scharnhorst ya Wajerumani kaskazini mwa Norwe. Kati ya watu 1,968 waliokuwamo waliokolewa 36. Hao wengine nao walikuwa na wapishi wao.

Na ukirudi kwenye machela, kumbuka vita vya Korea, ambavyo Belfast nayo ilikuwamo. Julai 1952 kombora la kutoka nchi kavu liliipiga meli hii na kumuua baharia mmoja Mchina akiwa amelala ndani ya machela yake.

Mwisho ni vyumba vya boila na injini, chini kabisa. Mabomba, vipimo, magurudumu ya vali kila upande. Kama magoti yako yanakusumbua, hapo usijidanganye, na mwenye kiti cha magurudumu atafika sehemu chache tu, kwa kuwa waliojenga mwaka 1938 walikuwa wanafikiria vijana. Watoto wadogo sana waachie mtu nje. Vaa viatu bapa vyenye kushika, begi liwe dogo la mgongoni, na nenda asubuhi kabla ngazi hazijaanza kuwa na foleni za kupanda na kushuka. Mimi natoa nyota tano kwa jiko na chumba cha machela, nne kwa meli nzima. Chai kunywa ukishatoka, mikono yote miwili utaihitaji humo ndani.