Sahani za ukutani Dar: uzoefu wangu wa kuzichagua na kuzitundika

Muuzaji wa sahani za pambo atakuonyesha uso: maua, dhahabu ya ukingoni, samaki wa rangi. Igeuze. Sahani ya kulia chakula inakaa mezani kwa uzito wake, ila ya ukutani inashikwa kwa ukingo au kwa mgongo, na huko nyuma ndiko kunakoamua kama itakaa miaka au itakuja chini siku wageni wamekaa mezani. Nimetumia aina tano zinazopatikana kirahisi Dar es Salaam, na vishikio vya aina tatu, kwenye vyumba vya kulia vya kawaida vya nyumba za tofali za saruji. Tathmini yangu yote inaanzia mgongoni.

Kitu cha kwanza cha kuangalia ni kitako, yaani ule mduara uliotokeza nyuma. Kitako cha kimo cha milimita 5 au zaidi kinakubali waya kuzungushwa, na pia kinaacha hewa ipite kati ya sahani na ukuta. Sahani nyingine zilizotengenezwa maalumu kwa ukuta zina vitundu viwili kwenye kitako. Ukizikuta, hata kama ua lake si lile ulilolitaka, zifikirie mara mbili, kwa sababu tatizo kubwa limeshatatuliwa kiwandani. Sahani isiyo na kitako kabisa haina pa kuzungushia waya, itategemea kishikio cha ukingoni au gundi.

Kisha pima kama imenyooka. Ilaze juu ya kioo cha kaunta, ibonyeze ukingoni kwa kidole kimoja halafu kingine upande wa pili. Ikiyumba, imepinda wakati wa kuchomwa. Mezani haionekani sana, ukutani itasimama upande na kila anayekaa kula ataiona.

Kariakoo ndiko kwenye wingi wa sahani mpya, na wauzaji huita karibu zote "za udongo". Kuna tofauti kubwa ndani ya jina hilo. Washa tochi ya simu nyuma ya ukingo: kaure halisi (porcelain), ikiwa nyembamba, hupitisha mwanga kidogo na kivuli cha kidole chako huonekana. Udongo mzito haupitishi kitu. Sahani ya kaure ya sentimita 27 huwa na gramu 600 hadi 800, na ya udongo mnene inaweza kuzidi hapo. Kwa ukuta mimi nachagua kaure, kwa sababu ni nyepesi kwa ukubwa uleule na haifyonzi maji. Udongo uliopasuka glezi, lile tabaka la juu linalong'aa, hunywa unyevu wa masika na kutoa madoa ya kahawia ambayo sabuni haiyafikii.

Sikiliza sauti pia. Ibebe kwa kuiegemeza kwenye ncha za vidole vitatu, bila kuikamata ukingo, ugonge kwa kifundo cha kidole. Nzima hulia na mlio unavuta. Yenye ufa hutoa mlio mfupi, mfu, hata kama jicho halioni kitu. Hii usiiruke kamwe kwenye mitumba. Sahani za mtumba ni nzuri sana kwa kazi hii, michoro yake haifanani na ya jirani na bei yake inajadilika, lakini zimesafiri zimerundikana na ufa mdogo wa ukingoni ni kawaida. Mezani ufa huo ungeishi miaka. Kwenye kishikio cha springi unavutwa usiku na mchana, na siku moja sahani inagawanyika ikiwa imetulia ukutani bila mtu kuigusa.

Michoro ya dhahabu pitisha ukucha juu yake. Ukihisi imeinuka, imebandikwa juu ya glezi na itafutika ukiisugua kwa sifongo gumu. Kwa sahani isiyooshwa kila siku hilo si kasoro kubwa, ila ujue namna ya kuifuta: kitambaa laini chenye maji, basi. Sahani zenye Ayatul Kursi zinastahili uangalifu zaidi. Maandishi yake ni karatasi ya mchoro iliyobandikwa na kuchomwa, na hutokea karatasi ikakaa vibaya, nukta zikapotea au neno likakatwa ukingoni. Mtu anayesoma vizuri aipitie aya yote kabla hujalipa. Na hii usiitundike kwa gundi. Iwe na skrubu yake, juu ya usawa wa vichwa vya waliokaa.

Za Tingatinga zinapatikana Oysterbay, karibu na Morogoro Stores, ambako wachoraji wa mtindo aliouanzisha Edward Saidi Tingatinga mwaka 1968 bado wanafanya kazi. Yeye alichora kwenye vipande vya mbao za kushindiliwa (hardboard) kwa rangi za mafuta zinazong'aa, na rangi za jamii hiyo ndizo zinazotumika hata leo. Hapo pana la kuzingatia. Rangi ya mafuta inashika vizuri kwenye mbao na kwenye bati lililosuguliwa msasa. Kwenye kaure yenye glezi haina pa kung'ang'ania, na itaanza kubanduka ukingoni, hasa pale kishikio kinapobana. Kwa hiyo nachukua za mbao au za bati, na nauliza ilichorwa lini. Rangi inakauka juu kwa siku moja, lakini kukomaa hadi ndani huchukua wiki na zaidi, na wakati wa masika inachelewa. Bonyeza kidole gumba pembeni: alama ikibaki, iache. Tundu la kutundikia litobolewe nyuma kabla ya kuchorwa. Mchoraji akiambiwa mapema hufanya bila shida. Na chakula kisiwekwe humo, hata karanga.

Mbao za kuchonga nazinunua kwa tahadhari Mwenge, soko la vinyago. Mpingo ni mzito kiasi kwamba huzama majini, na sahani ya sentimita 30 yenye unene wa kawaida inadai skrubu nene. Kama inaitwa mpingo na ni nyepesi mkononi, futa mgongo kwa kitambaa cheupe kilicholowa. Rangi nyeusi ikitoka, ni mti mwingine uliopakwa. Mti mwingine nao unaweza kuwa mzuri, mninga kwa mfano unapendeza sana ukutani, ila ulipe bei ya mninga. Angalia vitundu vidogo kama vya sindano mgongoni. Vikitoa unga ukigonga, mdudu yumo, na kutoka hapo atahamia kwenye viti vyako.

Melamini naipa nafasi moja tu: nyumba yenye watoto wanaorusha mpira ndani. Ni nyepesi, ikianguka haiumizi, lakini mng'ao wake unafifia kwenye ukuta unaopigwa na jua.

Sasa vishikio, ambako pesa nyingi hupotea.

Kishikio cha waya chenye springi na kulabu nne ndicho kinachouzwa zaidi. Kinafaa kwa sahani nzima, ukichagua saizi sawasawa: springi ivutike kiasi, isifike mwisho. Ikiwa unalazimika kutumia nguvu ya mikono miwili kuingiza kulabu ya nne, kishikio ni kidogo na ukingo unaumia. Ukikishavalisha, shika waya wa juu utikise sahani juu ya godoro. Ikisogea, kishikio ni kikubwa. Kwa Dar adui ni kutu. Nyingi ni chuma kilichopakwa rangi ya shaba, na hewa ya chumvi inaifikia ndani ya springi kwanza, mahali usipopaona. Peleka sumaku, ikishika kwa nguvu, hicho ni chuma, na ukiishi upande wa Masaki, Kigamboni au Kunduchi utakibadilisha mapema. Funika ncha za kulabu kwa vipande vya mrija laini wa plastiki, ili zisikwangue dhahabu.

Diski za gundi zinapendeza kwa sababu hakuna waya unaoonekana mbele. Unalowesha upande wa gundi, unasubiri dakika kama 5 iwe ya kunata, unabandika kwenye mgongo uliosafishwa kwa spiriti, unaacha saa 24. Zinatolewa kwa kulowekwa kwenye maji. Fikiria maana yake: gundi inayoachia kwa maji, kwenye mji ambao masika taulo halikauki. Kwenye kaure nyepesi isiyozidi sentimita 20, ukuta mkavu, sijaona tatizo. Kwenye sahani kubwa siziamini, na kwenye udongo usio na glezi nyuma au kwenye mbao iliyopakwa rangi sizitumii kabisa, kwa kuwa gundi inashika vumbi au rangi na si sahani yenyewe.

Ninachokipenda kuliko vyote ni waya wa shaba. Nunua mita moja ya waya wa umeme wa milimita za mraba 1.5 wenye uzi mmoja mgumu, menya ganda la plastiki, utapata shaba safi. Kama kitako kina vitundu, pitisha, sokota mara tano, acha kitanzi kifupi kisichofika ukingo wa juu. Kama hakina vitundu lakini ni kirefu na kimeingia ndani kidogo chini yake, zungusha waya, kaza kwa koleo hadi usiteleze, kisha vuta kitanzi. Shaba itageuka rangi, haitakatika kwa kutu. Mshipi wa kuvulia wengi huupendekeza kwa kuwa hauonekani. Fundo lake huteleza polepole, na jua la dirishani huukausha ukawa mgumu. Nausifu kwa samaki.

Kuna wanaotaka kuzika sahani moja kwa moja kwenye lipu, kama wazee wa Pwani. Kwenye magofu ya Kunduchi, makaburi ya nguzo ya karne ya 18 yaliwekewa vyombo vya kaure ndani ya chokaa, na mengi leo yamebaki na mashimo ya mviringo tu pale vilipotolewa. Ni kazi nzuri kuitazama kabla hujapanga ukuta wako, maana waliweka sahani chache, kwa nafasi, kila moja ikaonekana. Ila kwenye nyumba ya kupanga na lipu ya saruji, sahani ikishazikwa haitoki nzima. Nisingeifanya.

Ukuta wenyewe ndio unaoangusha sahani nyingi. Lipu ina unene wa milimita 15 hadi 20, na yenye mchanga mwingi inabomoka kama biskuti. Msumari wa zege ulioishia humo utashika wiki kadhaa, kisha unalegea. Toboa kwa drili ya nyundo, biti ya 6 mm, kina cha milimita 40, ili plagi ya plastiki ivuke lipu na kuingia kwenye tofali. Skrubu ya inchi 1.5 hadi 2. Usitoboe kwenye mstari wa wima ulio juu au chini ya soketi na swichi, kwani mabomba ya nyaya hupita humo. Ukuta ulio nyuma ya bafu, au unaotoa chumvi nyeupe, usiuwekee sahani hadi utibiwe.

Kupanga, fanyia kwenye karatasi. Chora kila sahani kwenye gazeti, kata, bandika ukutani kwa solotepu, kaa kwenye kiti cha kulia uangalie. Kukaa ni muhimu, kwa sababu chumba hiki hutazamwa na watu waliokaa, na wengi hutundika juu mno wakiwa wamesimama. Sahani ya chini kabisa iwe sentimita 20 hadi 25 juu ya mgongo wa kiti au juu ya kabati la vyombo. Nafasi kati ya sahani, sentimita 5 hadi 6. Piga hesabu mapema: sahani tano za sentimita 25 kwa nafasi ya 6 zinakula sentimita 149, na juu ya kabati la 150 zitaonekana zimebanana. Nne zinakula 118, zinapumua. Ukipenda kundi badala ya mstari, anza na kubwa ya 30, isiwe katikati kabisa, uizungushie mbili za 25, mbili za 20 na mbili za 15. Sahani nyeupe kwenye ukuta wa krimu hupotea. Tafuta yenye ukingo wa rangi. Kwenye ukuta unaotazamana na dirisha epuka zenye mng'ao mkali, utaona dirisha na si ua.

Kupata mahali pa skrubu, vuta kitanzi juu kama kilivyo kikiwa kimebeba uzito, pima kutoka ukingo wa juu wa sahani hadi kitanzi. Ikiwa ni sentimita 3, toboa sentimita 3 chini ya ukingo wa juu wa gazeti. Au paka dawa ya meno kidogo kwenye kitanzi, bandika sahani ukutani, itaacha alama.

Nyuma ya kila sahani, chini, gundisha kwa silikoni vipande viwili vya mpira vya milimita 3 vilivyokatwa kwenye kandambili kuukuu. Upepo wa kusi ukiingia madirishani sahani hugonga ukuta taratibu, na kugonga huko kudogo ndiko kunakokula glezi. Mpira pia unaacha mwanya, ukungu usiote. Mwanya huohuo nyigu wa udongo huupenda kwa viota na mijusi kwa maficho, kwa hiyo teremsha sahani zote mara mbili kwa mwaka. Moja ya mara hizo iwe Februari, kabla ya masika, na siku hiyo hiyo angalia springi: yenye vidoa vyekundu itupe, hata kama bado inavuta.